Mjane ameridhia: barua ya wazi kuhusu Tamko la Sheria za Mila la 1963

Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Mheshimiwa Jaji Mkuu,
Waheshimiwa Makamishna wa Tume ya Kurekebisha Sheria,
Waheshimiwa Wabunge,

Salaam kwenu, na shikamooni mlio wakubwa kwangu.

Nachapa kwa kulipwa. Kibanda changu kiko mkoani Kagera, hatua chache kutoka lango la mahakama ya mwanzo, na kina kompyuta moja, mashine ya kutolea kopi na benchi la wateja. Kazi inayonilisha si barua za kuomba ajira wala mitihani ya shule. Ni mihtasari ya vikao vya ukoo. Mtu akifariki, matanga yakishaanuliwa, ukoo unakaa na kumteua msimamizi wa mirathi. Mmoja wao anaandika yaliyosemwa kwenye karatasi ya daftari, kisha wanamtuma mtu kwangu nichape. Kutoka hapa karatasi inakwenda kwa mtendaji kugongwa mhuri, halafu inaingia mahakamani ikiwa imebanwa pamoja na cheti cha kifo.

Nimechapa mamia, na zote zinafanana. Mahudhurio yanaanza na wazee, wanafuata vijana wa kiume, wanawake wanaandikwa chini, mara nyingi bila majina yao wenyewe: mama fulani, mke wa fulani, shangazi wa marehemu. Inakuja ajenda ya wosia kama upo, mali na madeni, kuteua msimamizi, mengineyo. Na mahali fulani karibu na mwisho kuna sentensi ambayo vidole vyangu vinaijua bila kutazama kibodi: "Mjane ameridhia."

Mwezi uliopita mama mmoja aliingia akiwa na shemeji yake. Hakujua kusoma, nami nina desturi ya kumsomea kila anayetia sahihi. Nilipofika kwenye sentensi hiyo akanishika mkono. "Mwanangu, nimeridhia nini?" Kabla sijajibu, shemeji akasema kwa upole kabisa, "Umeridhia uamuzi wa ukoo, shemeji." Mama akanyamaza kidogo, akatoa dole gumba. Lilikuwa na weusi wa utomvu wa ndizi, ule usiotoka hata ukisugua kwa limau, na alama yake kwenye karatasi ilitoka ikiwa na mistari miwili mitupu palipokuwa na makovu ya kisu. Akafutia wino kwenye upindo wa kanga. Wakaondoka, shemeji mbele, yeye nyuma.

Barua hii nimeiandika kwa sababu ya swali lake.

Jibu limo ndani ya sheria zenu, Waheshimiwa. Limo kwenye Tamko la Sheria za Mila, Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, sehemu ya urithi. Kanuni ya 27 inasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Kanuni ya 20 inasema wanawake wanaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo. Hiyo wataitumia tu maisha yao yote bila ruhusa ya kuiuza, labda ukoo uwe umekwisha wanaume. Na mabinti wamewekwa daraja la tatu, la mwisho, nyuma ya kaka zao wote. Ndicho alichoridhia yule mama. Aliridhia kwamba kibanja, yaani shamba la migomba alichokipalilia, alichokitandazia nyasi na kukisombea samadi kichwani, hakijawahi kuwa chake hata siku moja.

Najua jibu linalotolewa haraka likitajwa jambo hili: ni mila, na mila ni yetu, tusiiguse. Mimi ni Mhaya, na naipenda mila yangu. Nataka niwaeleze mila hiyo ilivyokuwa, maana iliyoandikwa mwaka 1963 ni nusu yake.

Mila ilikuwa na mikono miwili. Kwa mkono mmoja ukoo ulipokea: omusika, yaani mrithi mkuu, aliwekwa, akakabidhiwa kibanja, akawa mkuu wa mji ule. Kwa mkono wa pili ukoo ulitoa: omusika huyo huyo alibeba mzigo wa mjane, wa watoto, wa dada aliyeachika akarudi nyumbani, wa madeni ya marehemu. Aliyepokea bila kutoa alisemwa vilabuni na kisimani mpaka akaona aibu. Sasa nionyesheni hakimu aliyewahi kumpeleka mtu gerezani kwa kutomtunza mjane wa kaka yake. Mkono wa kupokea mmeuwekea mahakama, mhuri na dalali. Mkono wa kutoa mmeuachia aibu, na aibu nayo imekwisha watu.

Baba yangu alifariki mwaka 2003. Tulikuwa watoto watatu, wote wa kike. Omusika akawa mtoto wa baba mdogo, kijana wa miaka kumi na sita. Baba mdogo alisimama kwenye nyasi zilizotandazwa uani, akasema mbele ya watu wote kwamba hatutalala njaa. Naamini alimaanisha. Mwaka wa kwanza alileta sukari, dagaa na ada ya muhula mmoja. Lakini bei ya kahawa ilikuwa imeshuka, alikuwa na watoto wake sita, na miaka michache baadaye mnyauko wa migomba uliingia Kagera na kukausha vibanja ambavyo vilikuwa vimelisha koo kwa vizazi. Mzee wa watu alikuwa hana tena cha kutoa. Simlaumu kama ninavyoilaumu karatasi. Maana uwezo wake wa kututunza ulikauka pamoja na migomba, ila haki yake ya kutuondoa haikukauka.

Kuna jambo jingine lilisemwa kwenye kikao cha pili, na nitalisema kwa heshima ingawa ni la aibu. Mama aliulizwa kama yuko tayari "kukaa" na baba mdogo. Kila aliyekuwepo alijua maana ya neno hilo. Tamko la 1963 linaitambua desturi hiyo ya mjane kuulizwa kama atakubali kuwa mke wa ndugu wa marehemu. Wanaoitetea husema: si ameulizwa? Ndiyo, mama aliulizwa. Aliulizwa akiwa amekaa chini, wanaume wakiwa kwenye viti, huku akijua kwamba akisema ndiyo atabaki na paa na migomba na watoto wake, akisema hapana atafunga mizigo. Swali la namna hiyo linamfanya mwanamke alipie kodi ya nyumba yake kwa mwili wake. Katika baadhi ya jamii za Kanda ya Ziwa linatanguliwa na kubwa zaidi, mjane kutakiwa "atakaswe" kwa kulala na mwanamume kabla hajaruhusiwa kuchangamana na watu. Mwanamume akifiwa na mke hakuna anayemuuliza swali lolote. Analala kwake.

Mama alisema hapana. Wazee wakamjibu: basi, mama, urudi kwenu. Akarudi kwao, na kaka zake wakampokea vizuri, wakamwonyesha chumba, wakamkumbusha kwamba kibanja cha babu ni cha wanaume. Sheria ile ile ikamkuta upande wa pili. Kwa mumewe yeye ni mgeni kwa sababu ametoka ukoo mwingine, na kwa baba yake ni mgeni kwa sababu ameolewa ukoo mwingine. Akaja mjini, akapanga chumba, akawa anauza ndizi, na msimu ukifika anauza senene, panzi wale wa kuliwa. Senene ndio walionisomesha mpaka nikajua kuchapa.

Hapo kwa senene nitakaa kidogo, maana wengi wenu mmewala mkija ziara Bukoba. Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kuwaonja. Aliwakamata alfajiri, akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga, akawapelekea wanaume, yeye hakutia hata mmoja mdomoni, kwa sababu ulikuwa mwiko kwa mwanamke. Mama yangu aliwauza, na alikuwa anawala. Mimi nawala. Hakuna kikao kilichokaa kuufuta mwiko ule, hakuna aliyekwenda mahakamani, na Wahaya hatujawa kabila jingine kwa sababu hiyo. Ulikufa wenyewe, wanawake walipoanza kushika pesa zao sokoni.

Kwa nini mwiko wa senene umekufa na mwiko wa kibanja unaishi? Vyote viwili vilikuwa mila, na vyote vilisemwa na wazee wale wale. Tofauti ninayoiona ni kwamba senene hawakuandikwa kwenye Gazeti la Serikali.

Na walioandika ni akina nani? Kazi ya kukusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba na kuzifanya sheria moja iliongozwa na Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, na ambaye kabla ya hapo alikuwa ameshaandika mila za Wahaya na za Wasukuma. Kilichoingia vitabuni ni mila kama ilivyosimuliwa na wakuu na wazee wa koo, wale waliokuwa wanarithi. Bibi yangu alikuwa hai wakati huo, mwanamke mzima mwenye akili zake, na hakuna aliyemuuliza. Nchi ikapata uhuru, na miaka miwili baadaye simulizi hiyo ikapigwa chapa kama sheria. Kilichokuwa kinazungumzwa na kubadilika kila kizazi kikagandishwa siku hiyo. Leo tunaambiwa tusiguse utamaduni wa mababu, kumbe tunalinda Tangazo lenye umri mdogo kuliko mama yangu.

Wala hakuna utamaduni mmoja wa Mtanzania unaosema mwanamke hamiliki ardhi. Waluguru wa Morogoro hufuata ukoo wa mama, na ardhi hupita upande huo. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua wa kusini nao ukoo wao huhesabiwa kwa mama. Si kwamba huko kila kitu ni sawa, maana mjomba naye ana sauti kubwa juu ya dada zake. Ninachosema ni kwamba anayetuambia maumbile yenyewe yamempa mwanamume ardhi, hajavuka mito mingi ya nchi hii.

Mahakama zetu zimeshaliona jambo hili, na kesi moja kubwa ilitoka hapa hapa kwetu, wilaya ya Muleba. Holaria Pastory alirithi shamba kwa wosia halali wa baba yake. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, tarehe 24 Agosti 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000. Kesho yake, narudia, kesho yake, mtoto wa ndugu yake alikwenda kushtaki Mahakama ya Mwanzo Kashasha kwamba mwanamke wa Kihaya hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Kumtunza bibi hakukuwa na haraka, ila kushtaki kulisubiri usiku mmoja tu. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba kanuni ile inapingana na haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba, na kwamba mwanamke na mwanamume wa ukoo wana haki sawa juu ya ardhi hiyo. Tulidhani limekwisha.

Halikwisha, kwa sababu hakuna aliyeifuta kanuni kwenye kitabu. Wajane wawili wa Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu kuomba kanuni hizi zibatilishwe. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzibatilisha, ikihofia kwamba mila za makabila yetu zaidi ya 120 zitafuata njia hiyo hiyo. Ikasema mabadiliko yaanzie halmashauri za wilaya. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya tarehe kwenye nyaraka. Wakaenda hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, mkataba ambao Tanzania iliuridhia yenyewe mwaka 1985, na Machi 2015 Kamati ikasema haki zao zimevunjwa, wafidiwe, na sheria hizi zirekebishwe. Nimezisoma hukumu hizi usiku baada ya kufunga kibanda. Sijawahi kusoma kitu kilichonichosha roho kama mahakama inayosema: ndiyo, unaonewa, lakini mko wengi.

Mtindo ni ule ule kwa mabinti. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliipa serikali mwaka mmoja kurekebisha vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoacha binti aolewe akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mwaka ule ulipita vifungu vikiwa vile vile.

Tazameni sheria zenu zinavyogongana. Katiba, ibara ya 13, inakataza ubaguzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Mwislamu akifariki, mjane mwenye watoto anapata thumni, asiye na watoto robo. Mnaweza kusema ni kidogo, lakini fungu lake linajulikana, na hakuna shemeji wa kumpunguzia. Marehemu akihesabiwa kuwa aliishi kwa mtindo wa kisasa, sheria ya urithi iliyotoka India ya mwaka 1865 inampa mjane mwenye watoto theluthi moja. Akihesabiwa kuwa aliishi kimila, mjane hapati kitu. Kwa hiyo haki ya mama inategemea hakimu anayaonaje maisha ya mumewe: kama alivaa suti Jumapili, kama alishiriki matambiko, kama alizikwa kijijini. Nani kati yetu Kagera hazikwi kijijini?

Na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kwamba kazi za nyumbani ni mchango wa mke katika mali ya ndoa, na kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinampa mgawo akiachika. Mke aliyegombana na mumewe mpaka wakaachana anatoka na kitu. Mke aliyevumiliana naye miaka thelathini, akamuuguza, akamfunga macho, anatoka na kanga aliyojifunga. Nimewahi kumsikia mama mmoja akisema pale kwenye benchi langu kwamba laiti angejua angedai talaka mumewe akiwa kitandani. Alilia alivyosema hivyo, kwa sababu alimpenda.

Najua hofu ya wazee wetu, na si hofu ya kijinga. Kibanja si shamba tu. Ndimo walimozikwa. Wanasema tukimpa mjane ataolewa na mtu baki, na makaburi ya babu zetu yatapaliliwa na mgeni. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini vibanja vinauzwa kila wiki, nami ndiye ninayechapa mikataba ya mauziano, na wauzaji karibu wote ni wanaume. Wanauza kwa ajili ya bodaboda, kwa ajili ya mke wa pili, kwa deni la kilabuni, makaburi yakiwa humo humo. Kama kinacholindwa ni makaburi, sheria iseme hivyo: yeyote anayetaka kuuza, mume au mke, kaka au dada, ukoo uulizwe kwanza kama utanunua, na makaburi yawekewe mpaka na njia. Tutaikubali wote.

Mheshimiwa Waziri, Tamko hili si aya ya kitabu kitakatifu. Ni Tangazo la Serikali, na Tangazo la Serikali hubadilishwa kwa jingine. Futa kanuni ya 27, futa katazo lililomo katika kanuni ya 20, futa madaraja yanayomweka binti nyuma ya kaka yake. Usiziachie halmashauri, ambako waliokaa vitini ni wale wale wa kwenye kikao cha mama yangu. Makamishna, Tume yenu ilishaliangalia suala la urithi tangu miaka ya 1990. Fungueni kabati, toeni taarifa, ifikisheni Bungeni. Waheshimiwa Wabunge, tungeni sheria moja ya mirathi yenye fungu la chini la mjane lisiloguswa na mtu, na nyumba anayoishi iwe yake mpaka afe, aolewe asiolewe. Kitandani kwake kusiwe na mlango wa sheria.

Na kwako Mheshimiwa Jaji Mkuu nina ombi dogo lisilohitaji Bunge wala bajeti. Waelekeze mahakimu wa mahakama za mwanzo kwamba palipoandikwa "mjane ameridhia", mjane huyo aitwe aingie peke yake, shemeji abaki nje, asomewe kwa lugha aliyonyonya, aelezwe anachokipoteza, kisha aulizwe. Dole gumba likipigwa baada ya hapo, nami nitachapa kwa amani.

Yule mama hajarudi kuchukua nakala yake. Ninayo hapa kwenye droo. Akija ataniuliza tena swali lile, na ningependa niwe na jibu la kumpa lisilo la shemeji yake.

Wenu mtiifu,
Mchapaji, Kagera